Meya, Ngome na TGV: Jinsi Lille Ilivyoipindisha Reli ya Mwendokasi

Tarehe 20 Januari 1986, Rais François Mitterrand wa Ufaransa na Waziri Mkuu Margaret Thatcher wa Uingereza walikutana katika jengo la halmashauri ya jiji la Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Wakiwa hapo walitangaza kwamba nchi zao zitachimba handaki la reli chini ya bahari inayozitenganisha. Mkataba wenyewe ulitiwa saini Canterbury tarehe 12 Februari. Handaki ndilo lililokuwa habari ya siku ile, na lilistahili: wazo lililozungumzwa tangu mwanzo wa karne ya 19 hatimaye lilikuwa limepata wenyewe. Ila kwa mwenyeji wa mkutano, Meya Pierre Mauroy, handaki lilikuwa nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ilikuwa swali ambalo tangazo halikuligusa: treni zitakazoingia humo handakini zitapitia wapi zikiwa bado nchi kavu?

Ukiitazama ramani unauona ugumu wa swali hilo. Paris iko kusini. Mdomo wa handaki uko karibu na Calais, kwenye pwani ya kaskazini-magharibi. Mtu akichukua rula na kuunganisha sehemu hizo mbili, mstari wake unapita jirani na Amiens, mji mkuu wa mkoa wa Picardie wakati huo. Lille iko mbali upande wa mashariki, karibu kabisa na mpaka wa Ubelgiji. Kuifikia Lille ni kuzunguka. Na treni ya mwendokasi, kwa tabia yake, haipendi kuzunguka.

Mauroy aliijua tabia hiyo kuliko meya mwingine yeyote. Alikuwa meya wa Lille tangu 1973, na kati ya 1981 na 1984 alikuwa pia Waziri Mkuu wa Ufaransa. TGV, treni ya mwendokasi ya Ufaransa, ilipozinduliwa kwa mara ya kwanza Septemba 1981 kati ya Paris na Lyon, ni serikali yake iliyokuwa madarakani. Alijua reli mpya inafanya nini kwa mji ambao treni zake zinasimama. Alijua pia inafanya nini kwa mji inaoupita. Katika njia ile ile ya Lyon kulijengwa kituo mashambani, kati ya Le Creusot na Montceau, kwa matumaini kwamba viwanda na ofisi zingefuata. Hazikufuata kwa kiasi kilichotarajiwa. Lyon yenyewe ilipewa kituo katikati ya mtaa mpya wa biashara wa Part-Dieu, kilichofunguliwa 1983, na mtaa ule ukanawiri. Reli ilikuwa moja na treni zilikuwa zile zile.

Kwa Lille jambo hili lilikuwa la kufa na kupona. Kwa zaidi ya karne moja, eneo la Nord-Pas-de-Calais liliishi kwa makaa ya mawe, chuma na nguo. Vitambaa vya pamba na sufu vya Roubaix na Tourcoing, miji iliyogusana na Lille, viliuzwa dunia nzima. Kufikia miaka ya 1980 viwanda vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, na migodi nayo ikizimwa. Mgodi wa mwisho wa eneo hilo, pale Oignies, ulifungwa Desemba 1990. Vijana waliosoma walipanda treni kwenda Paris wakabaki huko. Jiji likiwa katika hali hiyo, likasikia kwamba reli ya kisasa kuliko zote Ulaya itapita mkoani kwake, na pengine isisimame.

Halmashauri ilikuwa na uwezo gani mbele ya jambo hilo? Kwa sheria, haba mno. Reli ya Ufaransa ilikuwa mali ya shirika la taifa, SNCF, na njia mpya ziliamuliwa na serikali kuu. Diwani wa Lille hakuwa na kura katika meza ile. Lakini kulikuwa na sheria ya tarehe 2 Machi 1982, iliyopitishwa chini ya serikali ya Mauroy mwenyewe, iliyopunguza udhibiti wa wakuu wa mikoa walioteuliwa na Paris na kuzipa halmashauri, wilaya na mikoa nafasi ya kujiamulia mambo yao. Mipango miji ikawa kazi ya miji. Kukopa, kuingia ubia, kutenga ardhi, kuanzisha kampuni: haya yote halmashauri iliyojipanga iliweza kuyafanya. Na Lille ilikuwa tayari imeonja ujasiri. Mwaka 1983 baraza la pamoja la miji ya eneo hilo, lililoongozwa na Arthur Notebart, lilifungua metro isiyo na dereva iliyoitwa VAL, ambayo wakati huo ilikuwa jambo geni duniani. Watu waliozoea kuitwa wa nyuma walipanda gari la reli lililojiendesha lenyewe, tena la kwao.

Tuwatendee haki wahandisi wa SNCF. Kazi waliyopewa ilikuwa kuifikisha treni London na Brussels kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Kwa hesabu hiyo, kupita katikati ya jiji lenye watu takriban 170,000, lililozungukwa na miji mingine hadi eneo zima kukaribia watu milioni moja, kulikuwa hasara tupu. Ardhi ya mjini ni ghali. Reli italazimika kuzamishwa chini ya barabara na nyumba. Treni iliyojengwa kukimbia kilomita 300 kwa saa itapunguza mwendo. Ikiwa Lille ni lazima ihudumiwe, basi kituo kiwekwe nje, mashambani, na wenye safari waje kwa magari. Hesabu yao ilikuwa sahihi. Ila walikuwa wameulizwa kuhusu abiria, na hakuna aliyewauliza kuhusu jiji.

Mauroy na wenzake ndio waliolileta swali la jiji. Waliunda jumuiya iliyoitwa TGV Gare de Lille, iliyokusanya madiwani, viongozi wa mkoa, wafanyabiashara na watu wa vyama tofauti, ili Paris isipate mwanya wa kusema hii ni kelele ya meya mmoja wa Kisoshalisti. Jina la jumuiya lenyewe lilikuwa dai kamili: kituo kiwe Lille, mjini. Hoja yao kuu ilikuwa ya kijiografia, na ilikuwa na nguvu. Reli ya kaskazini haikukusudiwa London peke yake. Tawi jingine lingekwenda Brussels, na kutoka huko hadi Cologne na Amsterdam. Mahali ambapo matawi hayo mawili yanaachana ni pale pale mlangoni mwa Lille. Kwa hiyo, walisema, msituone kama mji ulio pembeni ya njia ya London. Tuoneni kama njiapanda ya miji mikuu mitatu. Mji uliozoea kujiona uko mwisho wa Ufaransa ulianza kujieleza kuwa katikati ya kitu kikubwa zaidi.

Kisha kulikuwa na siasa. Machi 1986 chama cha Mauroy kilishindwa uchaguzi wa bunge, na Jacques Chirac, mpinzani wake, akawa Waziri Mkuu. Mtu angedhani mlango umefungwa. Lakini Chirac alikuwa pia meya wa Paris, kazi aliyoishika tangu 1977, na wawili hao waliweza kuzungumza kama watu wanaojua mji unaendeshwaje. Mauroy alimwendea. Oktoba 1987 serikali ilitangaza uamuzi wa kujenga reli ya kaskazini, na njia yake ilipitia Lille. Na Lille haikuishia kupitiwa tu: treni zingeingia katikati ya jiji, hatua chache kutoka stesheni kongwe ambayo leo inaitwa Lille-Flandres.

Nyongeza ya gharama ya kuingia mjini ilihesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya faranga, na serikali za eneo hilo zilikubali kubeba sehemu yake. Hapa ndipo ninapoona kiini cha habari yote. Halmashauri ilikwenda kwenye mazungumzo ikiwa na ombi mkono mmoja na fedha mkono wa pili. Haikusema reli ni haki yetu kwa sababu tumeteseka, ingawa ilikuwa imeteseka. Ilisema: tofauti ya gharama ni hii, sisi tutalipa hiki, ardhi tunayo, na mpango wa kuitumia tutauleta. Mhandisi wa serikali aliyezoea kupokea malalamiko ya miji alijikuta akijadiliana na mbia.

Amiens haikuwa na bahati hiyo. Hasira huko ilikuwa kubwa, na ilikuwa hasira ya haki. Njia ya kupitia kwao ilikuwa fupi kwa anayekwenda London. Hata baada ya uamuzi, wazo la reli ya pili ya mwendokasi kutoka Paris kupitia Amiens hadi Calais liliendelea kuwekwa kwenye ramani za mipango kwa miaka mingi bila kujengwa. Kwa kuwaliwaza, Picardie ilipewa kituo kilichoitwa TGV Haute-Picardie, kilichofunguliwa 1994. Kiko shambani, kando ya barabara kuu ya A1, takriban kilomita 40 kutoka Amiens na karibu umbali huo huo kutoka Saint-Quentin. Hakuna reli ya kawaida inayokiunganisha na mji wowote kati ya hiyo miwili. Abiria huja kwa basi au gari. Wafaransa walikipa jina la utani, kituo cha viazisukari, kwa sababu ya zao linalokizunguka pande zote. Jina hilo limekuwa mfano unaotajwa kila pale nchini humo panapopendekezwa kituo cha treni ya mwendokasi nje ya mji. Mtu akitaka kujua Lille ilikuwa inakwepa nini, aende akasimame pale.

Ushindi wa 1987 ulileta tatizo jipya, nalo lilikuwa zuri kuwa nalo: treni zikishafika katikati ya jiji, pajengwe nini? Lille ilikuwa na hazina ambayo miji michache ya Ulaya ilikuwa nayo. Kwa karne kadhaa ulikuwa mji wa ngome. Louis XIV aliuteka 1667, na mhandisi wake Vauban akauzungushia maboma mapya. Sheria za kijeshi zilikataza kujenga mbele ya kuta, ili adui asipate pa kujificha. Kuta nyingi zilikwisha kubomolewa, lakini ardhi iliyoachwa wazi upande wa mashariki ilibaki bila majengo makubwa, nyingi ikiwa bado mali ya jeshi, ikikatizwa na barabara ya mzunguko. Ilikuwa kama hekta 70, na stesheni kongwe ilikuwa jirani. Katazo la majemadari wa karne ya 17 likawa limeihifadhia halmashauri ya karne ya 20 kiwanja.

Mauroy hakuikabidhi ardhi hiyo kwa SNCF, wala hakuwaachia wajenzi binafsi wagawane. Mapema 1988 iliundwa kampuni ya kufanya upembuzi, Euralille-Métropole, mwenyekiti wake akiwa Jean Deflassieux aliyewahi kuongoza benki ya Crédit Lyonnais, na mkurugenzi wake Jean-Paul Baïetto. Mwaka 1990 ilirithiwa na kampuni ya ubia ambamo fedha za umma zilikuwa zaidi ya nusu, kama sheria ya kampuni za aina hiyo inavyotaka, huku mabenki na chama cha wafanyabiashara wakishika sehemu iliyobaki. Halmashauri zilikuwa na sauti ya mwisho, na wawekezaji walikuwa mezani tangu mwanzo.

Baïetto anastahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa. Mwaka 1988 aliongoza uteuzi wa msanifu mkuu kwa njia isiyo ya kawaida: waliitwa wasanifu wanane, wanne Wafaransa na wanne wageni, wakaambiwa waje bila michoro. Kila mmoja akae na wajumbe aeleze jinsi anavyoufikiria mji. Wazo lilikuwa kwamba mchoro mzuri huweza kumlevya diwani kabla hajauliza maswali, ilhali mazungumzo humfichua mwenye fikra na asiyekuwa nazo. Aliyeteuliwa ni Rem Koolhaas, Mholanzi mzaliwa wa Rotterdam, ambaye wakati huo alijulikana zaidi kwa maandishi na michoro kuliko kwa majengo. Kwa jiji lililokuwa na sifa ya uchakavu kumkabidhi mtu wa aina ile sura yake mpya kulihitaji moyo.

Koolhaas aliliona jambo ambalo madiwani walikuwa wakilihisi bila kulitamka. Treni ya mwendokasi ikizamishwa kabisa ardhini, wakazi watailipia na wasiione kamwe. Alipendekeza ubavu wa njia ya reli unaotazama mji uachwe wazi, ili mtu anayetembea kwenye uwanja wa juu azione treni zikifika na kuondoka. Barabara ya mzunguko ilisogezwa ipishe. Kati ya stesheni mbili, kongwe na mpya, likawekwa jengo kubwa la maduka lililosanifiwa na Jean Nouvel. Kituo kipya, Lille-Europe, kilisanifiwa na Jean-Marie Duthilleul wa SNCF, na paa lake jepesi lenye mawimbi lina mkono wa mhandisi Peter Rice. Juu ya kituo ikasimamishwa minara ya ofisi, mmojawapo ule wa Christian de Portzamparc ambao wenyeji huufananisha na kiatu cha kuteleza kwenye theluji. Udongo na vifusi vilivyochimbwa vilibaki pale pale: katika bustani ya Henri Matisse iliyo kando, mtunza mimea Gilles Clément alifanya kisiwa cha msitu kilichoinuliwa mita saba, ambacho binadamu haruhusiwi kukipanda, mimea ijiotee itakavyo. Karibu yake bado lipo lango la kale la Roubaix, lililojengwa 1621, wakati Lille ilipokuwa chini ya Wahispania.

Majina ya wasanifu hung'aa kwenye vitabu, na kwa sababu hiyo watu husahau kazi ngumu zaidi iliyofanyika vyumbani, kati ya halmashauri na halmashauri. Lille haikuwa peke yake. Baraza la pamoja la miji lilikuwa na manispaa zaidi ya themanini, na kwa wengi wao mradi huu ulinuka ubinafsi. Kwa nini Roubaix, yenye ukosefu mkubwa wa ajira kuliko Lille, ichangie minara ya Lille? Kwa nini Tourcoing ikope ili jirani apate treni ya London? Maswali hayo yalikuwa ya kweli, na meya aliyeyapuuza angeupoteza mradi ndani ya nyumba yake mwenyewe baada ya kuupata Paris.

Mwaka 1989 Mauroy alichaguliwa kuliongoza baraza hilo la pamoja, akichukua nafasi ya Notebart. Msingi wa uongozi wake ulikuwa makubaliano na mameya wa miji mikubwa, wakiwemo wa upande mwingine wa siasa kama André Diligent wa Roubaix. Kila mji ungepata mradi wake. Roubaix ilipata eneo la mawasiliano lililoitwa Eurotéléport, Villeneuve d'Ascq eneo la utafiti. Mstari wa pili wa metro uliendelezwa ukapita chini ya Lille-Europe na kufika Roubaix na Tourcoing 1999. Kwa jicho la kibajeti, huku ni kugawana vipande. Naiona kuwa siasa safi ya mji: anayetaka kituo kikubwa ajenge pia njia ya mnyonge kukifikia. Mkazi wa Tourcoing asiyekuwa na gari anaingia metro jirani na kwake, anashukia Lille-Europe, na kama ana nauli anaweza kuwa Brussels kwa muda usiotosha kuivisha chungu cha maharage.

Reli yenyewe, yenye urefu wa kilomita 333, ilifunguliwa kwa awamu mwaka 1993: kwanza Mei hadi Arras, kisha Septemba hadi Lille. Safari ya Paris, iliyokuwa ya saa mbili, ikawa ya saa moja. Lille-Europe ilifunguliwa Mei 1994, mwezi ule ule ambao Malkia Elizabeth II na Mitterrand walizindua handaki. Mwezi huo huo ilianza kutumika reli inayoizunguka Paris kwa mashariki, na kwa reli hiyo mtu wa Lille aliweza kwenda Lyon bila kubadili treni wala kukanyaga Paris. Novemba 1994 zikaanza safari za abiria za Eurostar kwenda London. Treni zisizosimama hupita kwenye njia za katikati za kituo, ukuta kwa ukuta na jiji, kwa mwendo wa takriban kilomita 200 kwa saa. Wahandisi walisema kweli, muda unapotea kidogo. Jiji liliamua kwamba dakika hizo zina thamani ya kulipiwa.

Je, ililipa? Hapa lazima tuseme yote. Minara ilisimama wakati soko la ofisi Ulaya limeanguka, na Crédit Lyonnais, benki ambayo jina lake lilikuwa kwenye mnara mashuhuri kuliko yote, ilikuwa yenyewe inakaribia kuzama. Minara kadhaa iliyochorwa juu ya kituo haikujengwa wakati huo. Ofisi zilijaa polepole kuliko ahadi. Jengo la maduka lilijaa watu tangu mwanzo, na wafanyabiashara wadogo wa mitaa ya kale walikuwa na sababu ya kuliogopa. Roubaix imeendelea kuhesabiwa miongoni mwa miji maskini zaidi ya Ufaransa, licha ya metro na licha ya kuwa na treni ya London karibu. Reli ya mwendokasi haikumrudishia mfumaji kitambaa kazi yake, na anayedai ilifanya hivyo anauza maneno.

Lakini linganisha na hali ambayo ingekuwepo. Ardhi ya ngome iliyokuwa tupu leo ni mtaa wa ofisi, makazi, vyuo na ukumbi mkubwa wa mikutano, na umeendelea kupanuliwa kusini kwa awamu nyingine. Mwaka 2004 Lille ilikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya pamoja na Genoa, na wageni walishuka kwenye treni wakaingia sherehe kwa miguu. Mauroy aliacha umeya 2001 akimwachia Martine Aubry, akaendelea kuongoza baraza la pamoja hadi 2008. Alifariki 2013, na uwanja mkubwa wa michezo wa eneo hilo ukapewa jina lake.

Mikoa nayo haikusubiri kualikwa tena. Tangu mwaka 2000 baraza la mkoa wa Nord-Pas-de-Calais lililipia treni za mkoa zitumie reli ya mwendokasi kutoka Lille hadi Dunkerque, Calais na Boulogne. Njia iliyojengwa kwa ajili ya wasafiri wa London sasa inambeba pia mwalimu na muuguzi anayekwenda kazini asubuhi. Hakuna mhandisi aliyelichora jambo hilo mwaka 1987. Liliwezekana kwa sababu treni zilikuwa zinaingia mjini, mahali kazi zilipo.

Upande wa pili wa maji mambo yalikwenda tofauti. Waingereza walibishana juu ya njia ya reli yao kwa miaka, na mwaka 1991 serikali ikaamua iingie London kutoka mashariki, kupitia Stratford, eneo lililohitaji kufufuliwa. Reli yao ilikamilika Novemba 2007, miaka 13 baada ya Eurostar ya kwanza, na ndipo Lille na London zikawa umbali wa kama saa moja na dakika 20. Kati ya London na handaki vilijengwa vituo viwili kwa ajili ya watu wa Kent, Ashford na Ebbsfleet. Cha pili kiko pembeni ya machimbo ya zamani ya chokaa. Tangu 2020 Eurostar haijasimama kwenye kimojawapo, na halmashauri za huko bado zinaidai irudi. Lille inaendelea kusimamisha treni zake.

Mwaka 2016 serikali ya Ufaransa iliunganisha mikoa, na Nord-Pas-de-Calais ikawekwa pamoja na Picardie kuunda mkoa mmoja, Hauts-de-France. Makao makuu yakawekwa Lille. Amiens, iliyokosa reli mwaka 1987, safari hii ilipoteza pia hadhi ya kuwa mji mkuu wa mkoa. Hata hivyo ndani ya mkoa huo mpya limeendelezwa jambo ambalo watu wa Amiens walilipigania kwa miaka: kipande kifupi cha reli, kilomita chache tu, kitakachoiunganisha njia yao ya kawaida na kituo cha TGV katika uwanja wa ndege wa Roissy, kaskazini mwa Paris. Kikikamilika, abiria wa Amiens atapandia treni ya mwendokasi katika stesheni ya mjini kwake. Mkoa na serikali nyingine za eneo hilo zimekubali kuchangia gharama.